Kisu Tukinoe, Wembe Tuutupe

Wanachama wenzangu, wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Lakini kisu cha kumenyea ndizi kule Nkubu au panga la kukatia ng'ombe nepia kule Runyenjes likiwa butu, watu hukimbilia dukani. Mimi nasema, ngoja kwanza!

Kinoo huacha uzi mwembamba wa chuma kwenye makali. Vinyozi wa zamani waliuondoa kwa ukanda wa ngozi. Mimi nimejaribu mshipi mkuukuu, kadibodi, gamba kavu la mgomba, na gazeti lililokunjwa juu ya ubao. Mgomba ulichanika tu! Gazeti ndilo lililoshinda, kwa maana karatasi nyingi hutiwa udongo laini au chokaa kiwandani. Siri ni kuvuta kisu mgongo ukitangulia, makali yakifuata.

Je, wembe? Hapo sikubali kamwe. Wembe wenye damu ya mtu waweza kumwambukiza mwingine homa ya ini aina ya B, au hata virusi vya UKIMWI, na kuupitisha kwenye gazeti hakuui viini. Kwa kinyozi na hata kwenye tohara, kila mtu na wembe wake mpya. Au vipi, wenzangu?