Kufuta Majina Hakutoshi

Mfanyabiashara akiombwa kumbukumbu za mauzo kwa ajili ya utafiti, husita. Huambiwa: "Usihofu, majina yote yatafutwa." Wengi huridhika. Kwa maoni ya safu hii, ahadi hiyo haitoshi.

Januari 2015 jarida la Science la Marekani lilichapisha utafiti wa Yves-Alexandre de Montjoye na wenzake. Walichunguza malipo ya kadi ya watu milioni 1.1 katika maduka 10,000 kwa miezi 3. Majina na namba za akaunti hazikuwamo. Zilibaki siku, duka na kiasi kilicholipwa. Hata hivyo, kwa watu 90 katika kila 100, kujua manunuzi 4 tu, siku na duka, kulitosha kutenga kumbukumbu za mtu mmoja na za wengine wote. Bei ikijulikana, hata kwa kukadiria, hatari huongezeka.

Manunuzi 4 si siri kubwa. Jirani wa duka anajua ulipakia mzigo siku gani na kwa nani. Akiupata mstari wako katika takwimu zilizochapishwa, atasoma na yale asiyoyajua: bei unayopewa, kiasi unachochukua, na wiki ambazo fedha hukuishia. Mshindani akiyajua hayo, atakupiga bei wakati huna nguvu ya kujibu.

Kwa biashara ya jumla hali ni mbaya zaidi. Anayenunua tani 40 za mahindi katika mji wenye wanunuzi 3 hahitaji jina ili ajulikane.

Hatusemi watafiti wafukuzwe. Bila takwimu, benki na serikali hupanga gizani, na mkopo hauji. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019, na Tanzania ilitunga yake 2022. Lakini takwimu zikishasambaa, hakuna mahakama inayoweza kuzirudisha sandukuni.

Basi kabla ya kukabidhi daftari, uliza: Je, kitakachochapishwa ni jumla ya wafanyabiashara wengi, au kila muamala na mstari wake? Nani atatunza daftari lenyewe, na kwa muda gani? Majibu yawe kwa maandishi. Ikiwa ni mstari kwa mstari, kataa. Siri ya mtungi aijuaye ni kata. Usiigawe kata yako ovyo.