Picha Tatu Zisizotofautiana

Yamkini nawe umewahi kumpiga picha mtu aliyeketi mlangoni, nyuma yake jua la saa saba likiwaka, kisha ukakuta ukuta wa nje umetoka mweupe pepe na uso wa mtu wako umekuwa kivuli kitupu. Kamera hupima mwanga wote ulio mbele yake na kutafuta wastani. Nyuma kukiwa na mwanga mkali, hupunguza. Na uso mweusi ndio huonewa.

Dawa yake ni ya tangu enzi za filamu: kupiga picha tatu mfululizo, ya kwanza kwa kiasi kilichopimwa na kamera, nyingine kwa mwanga mara mbili, nyingine kwa nusu. Ikiwa ya kwanza imechukua 1/125 ya sekunde, zinazofuata zitachukua 1/60 na 1/250. Mtindo huu huitwa braketi. Kamera nyingi ndogo za dijitali hazikupewa mtindo huo, lakini wenye Canon PowerShot za zamani wamebahatika. Ipo programu ya bure iitwayo CHDK, iliyotungwa na wapenzi wa kamera hizo wala si na kiwanda. Hukaa katika kadi ya kumbukumbu, haifuti programu ya asili. Ukiitoa kadi, kamera huirudia hali yake.

Mimi nilikuwa na A570 IS, kamera iliyotoka mwaka 2007 na itumiayo betri mbili za kawaida. Niliipakia CHDK, nikapanga tofauti ya hatua moja, nikajiona fundi. Bibi yangu alipokuja Dar es Salaam kutoka Tanga, nilimketisha mlangoni, kanga mpya mabegani, nikabonyeza mara tatu. Sikuzitazama picha zile hadi basi lake lilipokwisha kuondoka. Zote tatu zilikuwa sawasawa: kanga yaonekana hadi maandishi yake, uso hauonekani. Kabla sijapata nafasi ya kwenda Tanga, tuliitwa mazikoni.

Kosa lilikuwa langu. CHDK hubadilisha mwanga pale tu kamera inapopiga mfululizo. Hapana budi kwanza uchague, katika menyu ya kamera yenyewe, ile alama ya vikadi vilivyopandana, kisha ukishikilie kitufe bila kukiachia mpaka picha ya tatu ipite. Mimi niliiacha katika kupiga moja moja. Kila nilipobonyeza, ilianza upya kwa kiasi kile kile.

Ipo na hila ya pili. Katika menyu ya CHDK kuna kijisanduku cha kufuta viwango vya braketi kila kamera inapowashwa. Kikiwa na alama, ulichokipanga asubuhi hakipo tena mchana. Kiondolee alama. Tena, badilisha kasi, wala si ukubwa wa tundu la lensi, maana kamera nyingi za aina hii hazina tundu lipanukalo. Zina kioo cheusi tu cha kupunguzia mwanga. Taa ya kamera nayo uizime: mmweko wake ni mfupi mno, kasi haiutawali.

Na kama CHDK yenyewe haijitokezi, tazama kile kiswichi kidogo ubavuni mwa kadi. Sharti kiwe upande wa kufunga ndipo programu ijipakie yenyewe. Ajabu ni kwamba picha huendelea kuhifadhiwa. Hakikisha pia umechukua toleo la CHDK linalolingana na kamera yako hadi herufi ya mwisho, kwani 1.00E si sawa na 1.01A.

Yote haya yafanye siku mbili kabla ya arusi au ubatizo. Piga mlango wa nyumba yako saa saba mchana, kisha usome kasi ya kila picha kiooni. Ukikuta 1/125 mara tatu, rudi kwenye vile vikadi vilivyopandana.