Adabu ya Usaili Iwabane na Wasaili

Kila msimu wa usaili vijana wetu humiminiwa nasaha: fika mapema, vaa nadhifu, beba vyeti halisi, ijue taasisi unayoomba kazi, usimkatize msaili. Nasaha hizo ni njema, na wanafunzi wangu nawapa pia. Lakini ni nani anayewafunda wanaoketi upande wa pili wa meza?

Mfikirie binti wa Masumbwe, wilayani Mbogwe. Amelelewa kumwamkia mkubwa kwa kupiga goti na kutomkazia macho. Anasafiri hadi Dodoma kwa nauli ya kukopa, anaingia chumbani, anainamisha uso, na jopo linaandika kwamba hajiamini. Heshima aliyofunzwa nyumbani inampunguzia alama. Kwake nasema: inua uso, jibu kwa sauti inayosikika; hapo humvunjii mtu heshima. Kwa jopo nasema: mmeitwa kupima ujuzi wake, basi pimeni ujuzi.

Tusijidanganye kwamba tatizo ni mwenendo wa vijana. Juni 2014 waombaji zaidi ya 10,000 walifurika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kusailiwa kwa nafasi 70 za Idara ya Uhamiaji. Waliketi majukwaani kwa utulivu. Mwaka huohuo, ajira nyingine 200 za idara hiyo zilisitishwa, kisha zikafutwa, kufuatia malalamiko kwamba ndugu wa watumishi walipendelewa. Hapo ni nani aliyekosa adabu: aliyeketi juani akisubiri zamu yake, au aliyempitisha mpwa wake mlango wa nyuma?

Wapo watakaosema kazi ni chache, hivyo lazima wengi wakose. Naam, wengi watakosa. Ndiyo maana anayekosa anastahili kujua kwamba ameshindwa kwa haki. Ibara ya 22 ya Katiba yetu inampa kila raia fursa sawa ya kushika kazi iliyo chini ya Mamlaka ya Nchi. Anayeigawa fursa hiyo kwa ukoo anavunja Katiba.

Basi wasaili waulize kila mwombaji maswali yaleyale. Kila mmoja atoe alama zake kabla ya kujadiliana na wenzake. Aliye na ndugu miongoni mwa waombaji aondoke mezani. Matokeo yatolewe kwa wakati, hata kwa walioshindwa.

Nawe kijana, usilolijua sema hulijui. Uongo hukufuata hadi kazini. Akikutaka mwili kwa ahadi ya kazi, huyo si msaili tena: kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 kinamtambua kuwa mhalifu. Kataa, kisha nenda TAKUKURU. Kunyamaza mbele ya dhuluma hakujawahi kuwa sehemu ya adabu njema.