Mkanda Ukilia, Usingoje



Mwezi huu napenda kusema juu ya kitu kidogo kilichomo ndani ya motakaa, nacho ni ule mkanda wa mpira uzungukao mbele ya injini. Wengi wetu tuna magari ya kuchukulia watoto na wazee, lakini ni wachache wafunuao boneti kabla gari halijakataa kwenda.

Mimi nalikuwa mmoja wao. Mwaka 2019 mkanda wa gari langu ulianza kulia kila asubuhi. Nikasema, "Wiki ijayo." Zikapita wiki tatu. Usiku mmoja tukirejea Mombasa kutoka arusini Malindi, nasi tumekwisha kuipita Kilifi, taa nyekundu ya betri ikawaka na usukani ukawa mzito ghafula. Mkanda umekatika. Badala ya kusimama, nikaendelea kwa tamaa ya kufika Mtwapa. Maji yakachemka, injini ikazimika, na mama watoto na wanangu wakakaa gizani kando ya njia hata alfajiri. Bei ya mkanda haikufika sehemu moja ya kumi ya gharama ya kutengeneza silinda hedi. Kosa lilikuwa langu.

Mkanda huo huchukua nguvu kutoka puli ya chini ya injini, ukazungusha alteneta iijazayo betri, na katika magari mengi pampu ya maji na pampu ya usukani pia. Ukikatika, vyote husimama pamoja. Basi taa ile ikiwaka na joto likapanda, simama mahali pa salama uzime injini.

Dalili za kuchoka ni kulia, khasa asubuhi au wakati wa mvua, nyufa, na nyuzi kuchomoza ubavuni. Lakini mikanda ya siku hizi aghalabu haipasuki, bali hulika polepole ndani ya mifereji. Kutoona ufa si hoja kuwa ni mzima. Wala usiupake mafuta wala sabuni ili unyamaze.

Kuubadili ni kazi iwezekanayo nyumbani, ikiwa ni mkanda wa nje uonekanao. Ule uliofichwa ndani ya kifuniko, uitwao taiming belti, mwachie fundi. Ukiukosea meno, katika injini nyingi pistoni huzigonga valvu.

Kwanza, vua kanzu na saa, na mwenye ushungi aufunge vizuri. Weka gari mahali pa tambarare, vuta breki ya mkono, toa ufunguo, ngoja injini ipoe, kisha fungua waya wa hasi wa betri. Chora katika karatasi njia ya mkanda, puli kwa puli. Usidharau karatasi hiyo. Bila yake waweza kushinda ukibahatisha.

Tafuta kikazio chenye springi. Kisukume kwa spana ndefu mpaka mkanda ulegee, uuvue, kisha ukirudishe taratibu. Katika magari mengine hapana springi. Hulegezwa bolti za alteneta. Sasa zungusha kila puli kwa mkono. Ikikwaruza au ikitikisika, beringi yake imekwisha, na mkanda mpya hautadumu.

Linganisha mkanda mpya na wa zamani. Ukiona umeandikwa 6PK1200, maana yake una mbavu 6 na urefu wa milimita 1200. Uvishe kwa kuifuata ile picha, na uhakikishe kuwa kila ubavu umeingia katika mfereji wake. Ukikaa kando kwa mfereji mmoja tu, utakatika upesi. Rudisha waya wa betri, ondoa spana zote, kisha washa injini huku watu wote wamesimama mbali. Ukizunguka sawasawa bila kelele, na taa ya betri ikazimika, kazi imetimia.

Kijana wangu aliyelala njiani usiku ule akiwa na miaka 11, sasa hunisaidia kazi hii. Mara ya mwisho yeye ndiye aliyesikia mlio wa kwanza. Nikasema, "Tutautazama Ijumaa." Akaniangalia, akaenda kuleta spana. Tukaubadili siku ile ile.