Mama Naye Huugua

Mafua makali yalipotupata tulirudi kliniki siku ya tatu, homa ingali mwilini. Tuliona haya kuwaachia wenzetu kazi. Jioni ndipo tulipokumbuka: siku nzima tulikuwa tukiwapima wajawazito, na mafua haya ni hatari zaidi kwao. Tulijilaumu mno.

Basi mama, kaa nyumbani mpaka utimize saa 24 bila homa, tena bila kumeza dawa ya kuituliza. Kunywa maji na uji kwa wingi. Antibiotiki haziui virusi vya mafua, na watoto wasipewe aspirini. Kikohozi na uchovu huweza kuendelea majuma mawili. Ukipumua kwa shida au kifua kikiuma, nenda hospitali upesi.

Na mshahara je? Hapa Tanzania, sheria ya ajira ya mwaka 2004 humpa mwajiriwa likizo ya ugonjwa yenye malipo, mradi alete cheti cha daktari.

Baba na watoto washike mwiko. Ugali wao hautafanana na wako, lakini watashiba. Kupumzika si uvivu.