Jani la Mkoko Huliwa na Nani?

Mwanafunzi wa sekondari akitakiwa kuchora mnyororo wa chakula, aghalabu huanza na nyasi, akafuatisha panzi, chura, nyoka na mwewe. Mchoro huo si wa uongo, lakini ukifanywa kipimo cha kila mahali hupotosha. Madhara ya upotovu huo huonekana zaidi katika ardhi zenye majimaji, mathalani delta ya Rufiji, yenye misitu mikubwa ya mikoko kuliko yote nchini Tanzania.

Majani ya mikoko ni magumu na yana tanini nyingi. (Magome ya mkandaa, mmojawapo wa miti hiyo, yalitumiwa zamani kutengenezea ngozi kwa sababu hiyohiyo.) Wadudu na wanyama hula sehemu ndogo tu ya majani mabichi. Basi mtu anayemtafuta panzi wa mkoko asimwone huhukumu kwamba mti huu haumlishi yeyote, na heri ukatwe ili palimwe mpunga au pachimbwe mabwawa. Hukumu hiyo ni kosa la hesabu.

Sehemu kubwa ya nishati ya jua iliyowekwa akiba katika jani hupita njia ya uozo. Jani huanguka matopeni. Kaa hulivuta shimoni na kulikatakata. Bakteria na kuvu huvifunika vipande vyake. Kwa kuwa viumbe hao hufyonza naitrojeni kutoka majini, kipande kilichooza huwa na protini nyingi kuliko jani lilipoanguka. Hapo konokono na kamba wachanga hupata chakula, nao huliwa na samaki, na samaki huliwa na korongo na binadamu. William Odum na Eric Heald waliieleza njia hii huko Florida, Marekani, yapata mwaka 1970. Uchunguzi wa baadaye wa isotopu za kaboni umeonyesha kuwa miani midogo ya matopeni nayo huwalisha kamba kwa kiasi kikubwa. Sahihisho hilo halimpi mkataji hoja yoyote, maana miani hiyo huota katika matope na vijito vya msitu uleule.

Mwaka 1942 Raymond Lindeman, aliyechunguza ziwa dogo la Cedar Bog huko Minnesota, alionyesha kwamba nishati hupungua katika kila ngazi ya ulaji. Kwa makadirio, moja ya kumi tu huvuka. Nyingi ya iliyobaki hupotea kama joto. Kilojuli 10,000 huwa 1,000, kisha 100. Kamba wa mwituni hula karibu na chini ya ngazi, bila gharama. Kamba wa bwawani kwa kawaida hulishwa chakula chenye unga wa samaki, yaani nishati iliyokwisha kupunguzwa mara kadhaa baharini. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ulipendekezwa mradi mkubwa wa mabwawa ya namna hiyo katika delta ya Rufiji. Wakazi wengi waliupinga, na haukutekelezwa. Wakazi hao walijua hesabu hii bila mchoro.

Walimu wa shule za pwani wanaweza kuifundisha kwa gharama ndogo. Majani makavu yapimwe uzito, yatiwe katika mifuko ya wavu, mifuko ifungwe kwenye mizizi ya mkoko. Kila baada ya majuma mawili mfuko mmoja utolewe, majani yaoshwe, yakaushwe na kupimwa tena. Wanyama watakaokutwa mfukoni nao waandikwe.