Si Kila Tumbo Lina Vidonda

Kwa miaka mingi, pale chuo cha ualimu, nilisahihisha karatasi za vijana waliokuja kuwa walimu. Kosa lililoniudhi kuliko yote halikuwa ujinga, kwani mjinga hufundishika. Lilikuwa la yule aliyekariri jibu moja nyumbani, kisha akaja kulibandika kwenye kila swali. Nilipougua, mwaka 2019, nilimkuta mtahiniwa huyo amevaa koti jeupe.

Nilianza kwa kushiba upesi. Matonge matatu ya ugali, tumbo limejaa. Kikafuata kichefuchefu, kisha suruali zikaanza kunipwaya. Kila nilikokwenda niliambiwa, "Mzee, hivyo ni vidonda vya tumbo," nikapewa omeprazoli. Ilipokwisha nikapewa tena. Majirani, wasio na koti, walitoa jibu lile lile na kuniletea maziwa. Nami sijitoi katika lawama: nilikuwa naagiza vidonge dukani bila cheti. Miaka miwili ikapita, na kilo 17 zikaenda nayo.

Kamera ilipopitishwa kooni hatimaye, ukuta wa tumbo ulikutwa umekuwa mnene, unatoka damu ukiguswa. Jibu likabadilika, haraka ikabaki ile ile: ni saratani, tumbo likatwe. Siku ya upasuaji ikapangwa. Kumbe vile vipande vya nyama walivyovinyofoa havikuonyesha hata seli moja ya saratani! Daktari kijana mmoja ndiye aliyeuliza kwa nini, akaomba vipakwe rangi ya pili.

Rangi hiyo huitwa nyekundu ya Kongo. Ilibuniwa Ujerumani kwa ajili ya kutia nguo rangi; Kongo haikuchangia ila jina. Tangu miaka ya 1920 inajulikana kwamba hushika protini iitwayo amiloidi, ambayo chini ya hadubini yenye nuru iliyochujwa hung'aa kijani kama tofaa bichi. Ndiyo iliyojazana tumboni mwangu: protini zilizokunjika vibaya, zikarundikana. Nilicheka niliposoma asili ya jina lake. Mwaka 1854 Rudolf Virchow aliijaribu kwa iodini, ikabadilika rangi, akadhani ni jamii ya wanga. Jaribio la iodini na muhogo, ambalo nimewafundisha walimu mara zisizo na idadi! Miaka 5 baadaye ikabainika kuwa ni protini, ila jina limebaki. Naam, hata Virchow alikosea; lakini alikosea baada ya kupima.

Najua nitakavyojibiwa: ugonjwa huu ni adimu, na hospitali zetu hazina fedha za kuwinda maajabu. Kwamba ni adimu, sikatai. Wala sisemi kila mwenye kiungulia aingizwe kamera. Nasema mtu mzima anayekonda, anayeishiwa damu, ambaye dawa ya wiki nane haikumsaidia, asipewe ya wiki nane nyingine. Na nyama ikishatolewa, gharama kubwa imekwisha kulipwa. Kutoipaka rangi ya pili wakati majibu hayaeleweki ni uvivu, usisingiziwe umaskini.

Jina lenyewe la ugonjwa halitoshi. Amiloidi inayotokana na seli mbovu za uboho hutibiwa kwa dawa za jamii ya zile za saratani ya uboho. Inayoletwa na kifua kikuu au baridi yabisi ya muda mrefu hutaka ugonjwa huo wa msingi ushughulikiwe. Yangu, baada ya kupimwa damu, mkojo, uboho na moyo, ilionekana imekaa tumboni tu, na ya namna hiyo mara nyingi hufuatiliwa bila dawa kali. Nakula kidogo kidogo, naangaliwa kila mwaka. Tumbo langu ninalo.

Juzi nilimkuta shemeji yangu dukani akinunua omeprazoli, shati limemning'inia mabegani. Nikamwuliza ameanza kuimeza lini. "Tangu Pasaka ya mwaka juzi, Mwalimu." Jumatatu tunapanda basi la alfajiri, mimi naye.